UGUMBA KWA WANAUME: SABABU ZA MAZINGIRA NA NYINGINE, NA KWA NINI MWANAUME NAYE APIME



Leo siongelei siasa wala mpira. Kuna mada nimekaa nayo muda mrefu, na kila nikitaka kuiandika naona aibu. Lakini aibu hiyo hiyo ndiyo iliyomrudisha dada yangu nyumbani na begi moja, kwa hiyo bora niandike.

Dada yangu huyu (mtoto wa mama mkubwa) aliolewa huko upande wa Mngeta. Miaka minne, hamna mtoto. Akapelekwa kwa waganga watatu, akanywa mizizi, akasafishwa kizazi, akaambiwa ana mkosi wa ukoo. Mwisho akarudishwa kwetu Kibaoni akiwa na jina la tasa. Baadaye akaolewa tena hapa Ifakara, na hata mwaka haukuisha akashika mimba. Sasa hivi ana watoto wawili. Yule shemeji wa zamani ameoa mara mbili tangu hapo, na hakuna aliyemzalia. Katika miaka yote hiyo hajawahi kupima. Hata siku moja.

Simsemi vibaya. Alikuwa mtu mwema kwangu, na ndiye aliyenipa kibarua cha kwanza nilipomaliza form four: kupuliza dawa za magugu kwenye majaruba ya watu. Misimu miwili tulibeba bomba mgongoni, kaptula na kandambili, bila glovu. Ndiyo maana suala hili linanihusu mimi mwenyewe. Nimesoma na kuuliza, na hapa naweka nilichokipata kwa mpangilio, ili mwenye shida apate pa kuanzia.

UGUMBA NI NINI HASA?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ni pale mke na mume wanapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 au zaidi na mimba haitungi. Kwa hiyo kama umeoa juzi na miezi mitatu imepita, tulia, usianze kutafuta mchawi. Mwaka 2023 WHO ilitoa ripoti kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita duniani hupitia tatizo hili katika maisha yake. Wengi, si ndiyo?

Sasa shika hili: katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanaume anahusika, ama peke yake ama pamoja na mke. Nusu! Lakini ukipita kwenye vijiwe vyetu utasikia tasa, na tasa ni mwanamke. Kwa mwanaume tuna neno hanithi, yaani asiyeweza tendo. Yule anayeweza tendo vizuri kabisa lakini mbegu zake ni chache au hazitembei, kijiweni hana jina. Ndipo shemeji yangu alipojificha, na wala hakujua kuwa anajificha. Alikuwa anasema, "Mimi mzima, muulizeni dada yenu."

Nguvu za kiume na uzazi ni vitu viwili tofauti. Majimaji yanayotoka ni mchanganyiko, na mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana. Mtu anaweza kutoa majimaji mengi yasiyo na mbegu hata moja, na kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo vumbi la Kongo na vidonge vya kuongeza nguvu havitibu ugumba.

MBEGU ZINATENGENEZWAJE

Mbegu zinatengenezwa ndani ya korodani kwa kuamrishwa na homoni kutoka kwenye ubongo. Kazi hiyo inachukua siku kama 74, halafu wiki kadhaa za kukomaa na kupita kwenye mirija. Kwa hesabu ya haraka ni karibu miezi mitatu. Maana yake kilichokupata leo kinaweza kuonekana kwenye kipimo cha miezi miwili au mitatu ijayo, na ukiacha kitu kibaya leo usitegemee mabadiliko kesho.

Korodani zinaning'inia nje kwa sababu zinahitaji ubaridi, nyuzi joto 2 mpaka 4 chini ya joto la mwili.

Kwa hiyo mambo yanaweza kuharibika sehemu tatu: homoni zinazoamrisha, kiwanda chenyewe, au mirija ya kupitishia. Sababu zote hapa chini zinaangukia hapo.

1. MAGONJWA YA ZINAA

Kwa Afrika maambukizi yana nafasi kubwa sana, kwa wanaume na kwa wanawake. Kisonono na klamidia vikiachwa bila tiba vinaweza kuziba mirija. Ubaya wa klamidia ni kwamba mara nyingi haina dalili. Unatembea nayo, unaigawa, hujui.

Mfano wa karibu ni Bukoba. Enzi za ukoloni Wahaya walijulikana kwa uzazi mdogo, na serikali ya Waingereza ikawa na wasiwasi kwamba watu watapungua. Wazee wengine walisema ni laana. Magonjwa ya zinaa yalikuwa mengi mno, na dawa za antibiotiki zilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, uzazi ukapanda tena. Laana gani hiyo inayotibika kwa penisilini?

Ukijitibu kwa kununua vidonge viwili vitatu dukani, dalili zinaweza kuondoka na ugonjwa ukabaki. Maliza dozi, na mwenzako atibiwe pia.

2. KICHOCHO, MABUSHA NA MATUMBWITUMBWI

Sisi wa bonde la Kilombero tunaishi na maji. Majaruba, mifereji, mto. Kichocho cha mkojo kikikaa muda mrefu, mayai ya minyoo hayakai kwenye kibofu tu. Yanaweza kufika kwenye tezi na mirija ya uzazi. Damu kwenye mkojo au kwenye manii si ya kuonea fahari kwamba umekuwa mwanaume. Nenda kapime.

Mwaka 2008 hapa hapa mkoani Morogoro ugawaji wa dawa za kichocho mashuleni uliishia kwenye vurugu, kwa sababu ulienea uvumi kwamba dawa zinaua watoto. Wazazi walikimbilia shule kuwatoa. Ukifikiria, tulikuwa tunaikimbia dawa inayoulinda uzazi wa watoto wale wale.

Busha linatokana na maji kujaa kwenye mfuko wa korodani, na huku kwetu mara nyingi chanzo ni minyoo ya matende inayoletwa na mbu. Si kila mwenye busha ni mgumba, lakini busha kubwa linakandamiza korodani na kuongeza joto. Linafanyiwa upasuaji, wala si ajabu ya Kihindi.

Matumbwitumbwi kwa mtoto mdogo hupita tu. Kwa kijana aliyebalehe yanaweza kushambulia korodani, zikavimba na baadaye kusinyaa.

3. MISHIPA NA MAUMBILE

Kuna hali ambayo mishipa ya damu juu ya korodani inavimba, mara nyingi upande wa kushoto. Ukishika ukiwa umesimama unahisi kama mfuko wa minyoo. Karibu asilimia 15 ya wanaume wote wanayo, lakini kwa wanaume wenye tatizo la uzazi inafika asilimia 35 mpaka 40. Mara nyingi inatibika kwa upasuaji.

Nyingine ni korodani ambazo hazikushuka tangu utotoni. Mtoto wako wa kiume ukiona mfuko mtupu, mpeleke hospitali mapema. Inatakiwa arekebishwe kabla ya kufikisha mwaka mmoja na nusu.

Na wewe kijana, korodani ikiuma ghafla, maumivu makali hata kama hukupigwa, usisubiri kukuche. Inawezekana imejinyonga, na una kama masaa sita tu kuiokoa.

4. JOTO NA HOMA

Kazi za joto zinachangia: waoka mikate, wachomeleaji, wachoma matofali, madereva wanaokaa juu ya injini kutwa nzima. Nguo za ndani zinazobana sana nazo, na kompyuta mpakato mapajani.

Homa kali pia inashusha mbegu kwa wiki kadhaa. Huku kwetu malaria ni kitu cha kawaida, kwa hiyo hili ni muhimu. Nitarudi kwake kwenye kupima.

5. DAWA ZA SHAMBANI

Hapa ndipo panaponigusa. Nianze na kisa cha Marekani.

Mwaka 1977, huko Lathrop, California, kulikuwa na kiwanda kinachotengeneza dawa ya kuua minyoo ya ardhini, inaitwa DBCP. Wafanyakazi wenyewe ndio waliogundua tatizo. Walikuwa wanaongea kazini kama sisi tunavyoongea kijiweni, mmoja anasema mimi sipati mtoto, mwingine anasema hata mimi. Wakaamua kwenda kupima. Wengi wakakutwa na mbegu chache sana au hawana kabisa, na waliofanya kazi muda mrefu ndio walioathirika zaidi. Kumbe wanyama wa maabara walishaonyesha kusinyaa korodani kwa dawa hiyo, na matokeo yalichapishwa tangu mwaka 1961! Mwaka 1979 Marekani ikapiga marufuku karibu matumizi yake yote. Hata hivyo wafanyakazi wa mashamba ya ndizi Amerika ya Kati, Costa Rica kwa mfano, nao walikuwa wameshaathirika, na kesi zao zilienda miaka mingi.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu moja. Kilianza kwa wanaume kuambiana ukweli.

DBCP si dawa tunayopuliza kwenye mpunga. Sisi tunatumia zaidi za magugu, kama 2,4-D na glaifoseti, na za wadudu za jamii ya pairethroidi. Mwaka 2020 watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha utafiti kuhusu dawa ambazo wakulima wa Kilombero na Ulanga wanatumia. Wao walikuwa wanaangalia mbu wanavyozoea sumu, lakini picha ni ile ile: dawa ni nyingi, na zinaishia kwenye maji.

Kuhusu 2,4-D, kuna utafiti wa Argentina wa mwaka 1991 uliopima wapulizaji wa mashambani. Ulikuta mbegu zao nyingi hazina mwendo, zimekufa au zina umbo baya. Na Afrika Kusini, mkoa wa Limpopo, ambako nyumba zilipuliziwa DDT dhidi ya malaria, wanaume 311 walipimwa na matokeo yakatoka mwaka 2007. Wenye DDT nyingi mwilini walielekea kuwa na mbegu zenye mwendo dhaifu. Baadhi ya sumu hizi zinaingilia homoni, mwili unachanganyikiwa amri.

Tafadhali msije mkasema nimeandika chandarua kinaua mbegu. Sijasema hivyo. Malaria inaua, lala ndani ya chandarua. Ninayemwongelea ni mtu anayekoroga dawa kwa mkono mtupu, anapuliza upepo ukimrudishia, halafu anakula ugali bila kunawa. Yaani mimi wa miaka ile.

Je, shemeji yangu aliharibiwa na dawa? Siwezi kusema, maana ili kusema ilibidi apime kwanza.

6. SUMU NYINGINE

Mafuta ghafi ya pamba. Hiki kisa ni cha China. Miaka ya 1950 iligundulika kwamba vijiji vilivyopikia mafuta ya mbegu za pamba yaliyokamuliwa bila kusafishwa vilikuwa havipati watoto. Sababu ni kemikali iitwayo gosipoli. Wachina wakajaribu kuifanya kidonge cha uzazi wa mpango kwa zaidi ya wanaume 8,000, lakini baadhi uzazi wao haukurudi, na mwaka 1998 WHO ikashauri iachwe. Mafuta ya pamba yaliyosafishwa vizuri kiwandani hayana shida hiyo. Shida ni yale ghafi.

Madini ya risasi. Mafundi wanaovunja betri za magari na kuyeyusha risasi wapo hatarini, mbegu zinapungua. Kufanyia kazi hiyo nyumbani ni hatari kwa watoto pia.

Plastiki. Baadhi ya kemikali za kulainishia plastiki zinaingilia homoni. Chakula cha moto usikiweke kwenye mfuko wa plastiki.

7. STAREHE NA VIDONGE

Sigara, bangi, gongo na pombe nyingi vyote vinapunguza ubora wa mbegu. Unene uliopitiliza na kisukari navyo vimo. Na ninyi wa gym: sindano na vidonge vya homoni vya kutunisha misuli vinauambia ubongo kwamba homoni zipo za kutosha, ubongo unaacha kuamrisha, kiwanda kinafungwa. Unakuwa na kifua kama mlango na mbegu sifuri. Kurudi kwake kunaweza kuchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka.

JE, MBEGU ZINAPUNGUA DUNIANI KOTE?

Mwaka 2022 watafiti waliunganisha tafiti za nchi nyingi, Afrika ikiwemo, na kusema wastani umeshuka kutoka mbegu kama milioni 101 kwa mililita mwaka 1973 hadi milioni 49 mwaka 2018. Wapo wataalamu wanaobishana kuhusu namna ya kuhesabu zamani na sasa. Hata hivyo milioni 49 bado ni juu ya kiwango cha chini, kwa hiyo dunia haiishi kesho.

KUPIMA KUKOJE (NILIENDA MWENYEWE)

Baada ya yaliyompata dada nilienda kupima, ingawa sijaoa. Mapokezi nilijibaraguza nimekuja kupima malaria. Mtaalamu wa maabara, mama wa makamo, akaniambia, "Mwanangu, hapa kila siku wanakuja wanawake kumi, mwanaume mmoja. Karibu sana." Nikacheka, aibu ikapungua.

Utaratibu ni huu. Unakaa siku 2 mpaka 7 bila tendo wala kujichua. Unatoa mwenyewe kwenye kikopo safi cha maabara, bila mafuta, bila mate, na bila kondomu za kawaida kwa kuwa zina vitu vinavyoua mbegu. Sampuli ifike ndani ya saa moja, ikiwa na joto la mwili, si kwenye barafu. Wanaangalia idadi, mwendo na umbo. Kiwango cha chini cha WHO cha mwaka 2021 ni mbegu milioni 16 kwa mililita, na angalau asilimia 42 ziwe na mwendo. Ukiwa chini ya hapo si kwamba huwezi kuzaa kabisa, ila inakuwa ngumu zaidi.

Majibu yangu ya kwanza yalikuwa chini. Wadau, usiku ule sikulala. Nilikuwa namfikiria shemeji, na bomba lile mgongoni.

Daktari akaniuliza kama nimeumwa karibuni. Nikamwambia nilikuwa na malaria kali mwezi uliopita. Akasema kipimo kimoja hakitoshi kamwe, hasa baada ya homa, rudi baada ya miezi mitatu. Nikarudi. Majibu ya pili yalikuwa mazuri. Ningekimbilia kwa mganga katikati, leo ningekuwa namtangaza mganga yule.

Kwa mwanamke vipimo ni vingi zaidi, na baadhi vinauma: mirija, mayai, homoni, uvimbe. Navyo ni muhimu, lakini kipimo cha mwanaume ni rahisi, hakiumi, na kinapaswa kuwa kati ya vile vya mwanzo kabisa. Kumpeleka mke wako kuzibuliwa mirija wakati wewe hujatoa kikopo kimoja, si haki.

TIBA IPO?

Mara nyingi ipo. Maambukizi yanatibiwa, mishipa inarekebishwa, homoni pungufu zinaongezwa kwa dawa za daktari, kisababishi kinaondolewa. Kwa waliobaki kuna kupandikiza. Mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Mwaka 1992 madaktari wa Ubelgiji walitangaza njia ya kuchoma mbegu moja ndani ya yai, yaani hata mwenye mbegu chache mno anaweza kuitwa baba. Kwa jirani zetu Kenya, watoto wa kwanza wa kupandikiza walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Gharama bado ni kubwa kwa mtu wa kawaida, sikudanganyi.

CHA KUFANYA KUANZIA LEO

- Miezi 12 imepita bila mimba (miezi 6 kama mke amezidi miaka 35), nendeni hospitali WAWILI, siku moja.
- Ukipuliza dawa: glovu, buti, suruali na shati la mikono mirefu, kitambaa puani. Mgongo kwenye upepo. Oga na ufue nguo mbali na za watoto. Kopo lisigeuzwe la maji.
- Soma lebo. Mstari mwekundu ndiyo kali kuliko zote, kisha njano, bluu na kijani. Nunua dawa iliyosajiliwa na TPHPA, ndiyo iliyochukua kazi hiyo kutoka TPRI tangu mwaka 2020.
- Ukitoka majaruba na ukaona damu kwenye mkojo, pima kichocho.
- Acha sigara na vidonge vya misuli. Jipe miezi mitatu, kisha pima tena.

MWISHO

Mwezi uliopita nilikutana na shemeji stendi. Amezeeka kidogo. Bado namwita shemeji, na yeye bado ananiita kijana wangu. Nikamwambia nimepima, nikamweleza yote, mpaka ile ya kwanza iliyonitisha. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Kikopo unapewa pale pale au unaenda nacho?"

Nikamwambia unapewa pale pale. Gari lake likaja, akapanda. Kama ataenda, sijui. Lakini ni mara ya kwanza kumsikia akiuliza.

Kama una swali uliza hapa chini, hata bila jina. Nisichokijua nitakwenda kumuuliza daktari, sitakutungia jibu.

Nawasilisha. Tuko pamoja.